Baridi ya Kontena la Yasini

Chumbageni, Tanga

Kaka Uweso,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Wifi na watoto hawajambo huko Mtwara? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama, tumbo linamsokota. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu anakaa ubavuni kusikiliza. Wewe ndiye walii wangu, nawe umeniuliza kama nimeridhia posa ya Yasini. Soma kwanza.

Yasini amenunua kontena la kugandishia samaki, kaliweka uani kwao Ngamiani. Alinionyesha kipimajoto chake: thelathini chini ya sifuri. Akajigamba kwamba hata Antaktika hawafiki. Mimi mwalimu wa jiografia, ningenyamazaje? Nikamwambia Warusi walipima huko karibu tisini chini ya sifuri, mwaka 1983. Setilaiti zimeona baridi kupita hiyo, ila vipimo hivyo haviingizwi kwenye rekodi ile, kwa kuwa zilipima uso wa theluji, si hewa. Hewa hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, juu ya ardhi. Ukikosea pa kuweka kipimo, umepima kitu kingine.

Chake kilining'inia mdomoni mwa feni inayopuliza baridi. Nikapenyeza mkono katikati ya samaki: nguru wamelegea, wanateleza kwa ute, na harufu ikaniganda kwenye kucha. Nikatapika palepale uani. Hata hivyo nilimtetea moyoni, nikasema hajui kupima, atajifunza. Nilimsihi awafukie, akaitikia.

Ijumaa tulimsomea Baba khitma. Niliporudi kutoka shule nikakuta samaki aliowaleta Yasini washakaangwa, wamekolezwa ndimu na pilipili. Nilidhani kanunua wengine. Wazee waliokula naye sinia moja wakamsifu kwa adabu, maana kila kipande alikisukuma upande wao. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kunawisha, nikamtazama mpaka mwisho. Alikula wali mtupu. Nilikimbilia jikoni nikanusa kichwa kilichobaki: harufu ileile ya kontena, lakini masinia yalikuwa yameshafutwa.

Kesho yake waliokula wote walikuwa wakigombea vyoo. Mama bado anamsifu, eti kijana mwenye staha kama ile hapatikani.

Kaka, asiyejua kupima baridi ningeolewa naye. Huyu alijua, akawalisha uozo watu waliokuja kumwombea Baba. Nilimpenda, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Mjibu kwamba sitaki, na useme ni mimi niliyekataa.

Wabusu watoto. Mama angekusalimu mwenyewe, ila ameingia tena chooni.

Mdogo wako,
Zuwena