Kopo la Pili

Dada yangu,

Sisi wazima, na mtoto ana sauti kukushinda wewe. Nimemzaa kwa njia ya kawaida, licha ya lile kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza. Daktari alinipongeza. Shemeji yako alizirai.

Kunyonyesha ndiko kumenishinda. Chuchu zimechanika, mtoto analia, nami nalia naye. Mama mkwe hukaa mbele yetu kama refa.

"Kusukuma umeweza, mwanangu, hili ndilo likutoe jasho?"

Aliapa kwamba mjukuu wake hataonja maziwa ya kopo, kwa hiyo kopo langu nililificha chini ya nguo chafu, na hata kulifungua sikuthubutu.

Jana nilijifungia bafuni, nikalia hadi nikasinzia. Nilipotoka nyumba ilikuwa kimya. Mama mkwe alikuwa jikoni, mjukuu mapajani, anamnywesha kwa chupa. Kopo lililokuwa mezani halikuwa langu. Alikuwa amenunua lake.

"Nenda kalale," akasema. "Na mumeo asijue. Yeye nilimwambia ni sumu."

Nikalala. Leo mtoto amenyonya kidogo ziwa la kushoto, chupa ikamalizia. Sijalia.

Ni mimi,
mdogo wako