Zipu ya Gauni la Dada

4 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Vidole vinaamkaje? Mimi mzima, ila goti linanung'unika kama mkwe asiyeridhika.

Kosa la wengi wanaotibiwa baridi yabisi ni kuiamini mizani kuliko viungo. Wakinenepa wanailaumu dawa, wanaitupa. Nimewaona tangu nilipoanza kazi ya kugawa dawa hadi nilipostaafu. Sikiliza: ugonjwa ulikuwa unakula nyama yako, ukitulia, sehemu ya uzito hurudi nyumbani. Vile vidonge vya kutuliza uvimbe navyo huongeza njaa, hushika maji mwilini, huviringisha uso. Daktari akija kuvipunguza kidogo kidogo, mengi ya hayo hupungua. Umeongezeka sana?

Mjomba wako

9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sijambo. Vidole vimefunguka, nashika mkasi tena. Lakini huu uso! Mteja kaniuliza, "Fundi, umevimba au umeolewa?" Nikacheka naye, kisha nikaingia stoo kulia.

Shida ni gauni la harusi la dada. Unatujua: tangu utotoni mwili mmoja, nguo zake nazikata kwa kujipima mimi. Yeye yuko mbali, atafika harusi imekaribia. Leo nimelivaa, zipu imekwama kiunoni. Nikilipanua kwa mwili huu, atapotelea humo ndani. Ila nimeshajua la kufanya.

Mpwa wako

10 Juni

Marahaba, mpwa wangu. Habari za tangu jana?

Hilo "nimeshajua" limeninyima raha. Dada yako ana mikono. Ajipime huko aliko akutumie vipimo. Wewe si sanamu ya dukani. Vidonge unameza?

Mjomba wako

13 Juni

Mpwa, u mzima kweli?

Umesoma, hujajibu. Simu inaita tu. Basi nikueleze: vidonge vile havikatwi kama uzi. Mwili ukivizoea, huacha kujitengenezea homoni yake inayofanya kazi hiyo. Ukiviacha ghafla unabaki mtupu, na mtu anaweza kufa. Nijibu, hata neno moja.

Mjomba wako

14 Juni

Shikamoo Mjomba. Samahani.

Niliviacha siku ileile niliyokuandikia. Zipu imepanda hadi mgongoni, nikashangilia peke yangu. Lakini tangu jana natapika, nikisimama chumba kinazunguka, vidole navyo vimekaza tena. Naandika kwa kidole gumba. Dada usimwambie, atanisema hadi nizeeke. Nadhani ni uchovu tu. Acha nilale, kesho nitamwona daktari.

Mpwa wako

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kukugombeza nitakugombeza ukishapona. Huo si uchovu, na kesho ni mbali. Nimempigia jirani yako muuza vitambaa. Yuko njiani na teksi. Usilale. Mfungulie mlango, nenda hospitali leo hii, na neno lako la kwanza huko liwe: "Nimeacha vidonge ghafla."

Mjomba wako