Kiapo cha Bi Kalo

Mahabibo, Mahajanga
14 Novemba 1967

Mpendwa kaka yangu Soilihi,

Shikamoo, kaka. Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wifi yangu Fatima, na watoto na wajukuu, na wote waliomo nyumbani humo Mombasa. Natumai goti lako limepoa, na umeacha kumsumbua Fatima kwa kutaka kukandwa asubuhi na jioni. Na macho yake je? Mlisema daktari atamtoa mtoto wa jicho baada ya Maulidi. Maulidi imepita zamani na barua yako haikugusa habari hiyo, nami nimebaki na wasiwasi.

Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Miguu yangu huvimba jioni, na jino la nyuma limeng'oka lenyewe bila kuomba ruhusa. Mvua za kwanza zimeanza, vumbi la Mahabibo limekuwa tope, na kila anayenitembelea ananiletea robo ya barabara mkekani. Chamsia, mke wa mwanangu Zoubeir, ni mzima, na mtoto wao ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Barua yako yule baharia Oumouri aliniletea mwenyewe aliposhuka melini, pamoja na kanga na halua. Halua haikulala. Nashukuru sana, Mungu akuzidishie. Kukujibu pia ni raha, maana huku nyumbani ni Kingazidja, sokoni Kisakalava, ofisini Kifaransa, na Kiswahili tulichokulia Unguja kimebaki cha kukuandikia wewe tu.

Sasa swali lako. Umeuliza kama Zoubeir ameshafika Ulaya, ukasema barazani kwenu wote wanajua kwamba mpwa wako atakuwa mkubwa wa biashara ya nje, na hata wale waliokuwa hawakuitikii salamu siku hizi wanakupisha ukae. Kaka, rudi ukae mahali pako pa zamani. Zoubeir hakwenda. Yuko hapa Mahajanga, na hatakwenda. Nitakueleza tangu mwanzo, nawe univumilie, maana jambo lenyewe linakuhusu.

Kazi yake unaijua nusu. Alipomaliza shule aliingia ofisi ya serikali ya biashara ya nje. Yale mataifa sita ya Soko la Pamoja la Ulaya yamepatana na nchi hii kwamba mali ya hapa iingie kwao bila ushuru, lakini lazima kila shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba kweli imetoka hapa. Zoubeir ndiye aliyekuwa akikagua vyeti hivyo. Rafia, kahawa, ngozi, kamba wakavu, vyote vilipita chini ya kalamu yake. Halafu wakampeleka kisiwani Nosy Be miaka miwili kwenye mafuta ya langilangi. Huko aliwaona wakulima wa pande za Andilana wakiamka alfajiri kuchuma maua kwa bei iliyokatwa na mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kuuona mti wenyewe. Akaandika ripoti ya kurasa arobaini: bei inavyopangwa, nani anapata nini njiani, na nchi ingefanyaje ili ikae mezani na wanunuzi kama mtu mzima na mtu mzima. Aliponisomea sikuelewa hesabu zake, lakini hasira yake niliielewa.

Ripoti ikafika Antananarivo. Mwezi wa Machi wakamchagua yeye na wenzake watatu kwenda Brussels miaka miwili, kujifunza jinsi mataifa yanavyopatana bei na ushuru. Akirudi awe wizarani, miongoni mwa wale wanaosafiri kwenda kuisemea nchi. Mtoto wa Mahabibo, kaka! Nililia jikoni mpaka wali ukaungua. Chamsia alimnunulia koti la sufu kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa anahama, na tukamcheka alipolijaribu, jasho likimtiririka.

Kisha wakaomba cheti cha uraia, ambacho ofisini hawakuwahi kumwuliza. Ni haki yao, nchi haiwezi kumtuma mgeni akaisemee. Na karatasi ya kuzaliwa ya Zoubeir inasema amezaliwa Ngazidja, baba na mama wote Wangazidja, na Wangazidja kwa sheria bado ni watu wa Ufaransa. Yeye aliyekuwa akiwarudishia wafanyabiashara vyeti vyenye shaka, karatasi yake mwenyewe ilikuwa ya uongo. Uongo huo tuliutunga mimi na wewe.

Najua unakumbuka, lakini nitauandika wote, maana una kipaji cha kusahau kisichokufaa. Zoubeir alizaliwa chumba hiki ninachoandikia, mwaka ule wa 1942 Waingereza waliposhuka Mahajanga. Baba yake, marehemu Houssen, alizaliwa hapo kijijini Boanamary, na aliyemzaa Houssen ni Bi Kalo, Msakalava, mvuvi wa kamba wa mtoni. Mtoto wa baba wa namna hiyo ni mtu wa nchi hii, hana haja ya kubishana na mtu. Lakini mwaka 1946, Houssen hajatimiza hata mwaka kaburini, ulipita hapa ukielekea Ngazidja. Ukasema mtoto aandikwe kule, mjini kwa mama yetu, ili akikua afanye ndoa kubwa ya kimila na akae na wakubwa, asije akaitwa zanatany kama wanavyoitwa waliozaliwa huku. Ukasema pia hakuna ukoo wa maana utakaomwoza binti yao mtu ambaye bibi yake anashinda na tope mpaka magotini.

Ukaenda Ngazidja, ukaapa kwamba mtoto alizaliwa kule na baba yake vilevile. Lakini kabla ya kusafiri ulimwita Bi Kalo hapa nyumbani. Ulimpa Msahafu mikononi ukamwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote, kamwe, kuwa yeye ni mama wa Houssen. Aseme ni yaya aliyemlea. Akiapa, mtoto atapelekwa kumwona kila Idi. Asipoapa, asahau. Aliapa. Alipoona bado umekunja uso, akaongeza na majina ya wazee wake waliokufa, kwa desturi ya kwao, ili uridhike. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nimeuma pembe ya kanga. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na miwili na wewe ndiye uliyekuwa ukinilisha, lakini huo si udhuru, mdomo nilikuwa nao.

Basi kwa miaka ishirini na moja Zoubeir alikwenda Boanamary kila Idi kumpa mkono yaya wa baba yake. Kila mara alirudi na kifurushi cha kamba, akaniambia yule mama ana moyo sana kwa mtu asiye ndugu. Nikawa natia kamba chumvi.

Mwezi wa Agosti nilimwambia ukweli. Nilijitayarisha kwa makelele. Aliuliza tu, "Na yeye alikubali, mama?" Nikasema alikubali. Akavaa viatu akaenda zake kwa mkewe, na siku tatu sikumwona. Siku ya nne akaja kunieleza walivyomwambia mahakamani. Wazee waliojua wamekufa wote, na Houssen mwenyewe hakupata kuandikishwa popote, maana enzi zile Boanamary nani aliandikisha mtoto? Amebaki shahidi mmoja. Bi Kalo akisimama mbele ya hakimu akasema Houssen ni mwanawe wa kumzaa, karatasi itaandikwa upya.

Nikaenda Boanamary mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu. Nilimkuta anaanika kamba kwenye jamvi. Amekuwa mdogo, kaka, na mgongo umepinda, umri wake lazima umepita sabini na tano. Alinipa wali na maji yaliyochemshwa na ukoko wa sufuria, kinywaji cha kwao, kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, na wewe unajua mimi si mtu wa kupiga magoti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nitakuja. Siku ikifika nitumie mtu." Nikarudi nimefurahi kama mjinga. Kile kiapo hakikunijia hata kichwani. Nilidhani kimeoza zamani, na kwamba mimi nikishasema basi, mambo yamekwisha.

Siku ya kesi alikuja amevaa vizuri, nywele zimesukwa. Hakimu alikuwa kijana mpole, simlaumu kwa lolote. Akamwuliza kupitia mkalimani, "Marehemu Houssen alikuwa nani kwako?" Akajibu, "Nilimlea." Hakimu akasema, "Ulimzaa?" Bi Kalo akarudia kwamba alimlea. Akaulizwa tena, akajibu hivyohivyo. Mara ya tatu akasema, "Mimi nilikuwa yaya wake." Zoubeir alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikuweza kumtazama usoni. Hakimu akaandika, akafunga jalada, na ombi likakataliwa kwa kukosa ushahidi.

Nje nilimshika Bi Kalo mkono nikamwuliza kwa nini ametufanya hivi. Akasema aliniahidi kuja, na amekuja, na maneno mengine hakuahidi. Akasema aliapa, na aliyemwapisha yu hai, aje amfungue. Nikamwambia hata dini imeweka kafara ya kiapo. Akasema ya Msahafu labda, lakini wazee wake aliowataja hawajui kafara. Nikamwambia basi mimi nakufungua, mimi mwenye mtoto. Alinitazama, bila hasira, akasema, "Wewe hukuniapisha. Wewe ulikaa mlangoni."



Nafasi ya Brussels alipewa mwingine, mtu wa Tamatave, na alishapanda ndege mwezi uliopita. Ofisini, tangu ijulikane kwamba Zoubeir kwa karatasi ni mgeni, wamemtoa kwenye vyeti. Sasa anapanga majalada ya zamani kwenye chumba cha nyuma. Mkuu wake, anayempenda, amemshauri apeleke kesi upya, maana mwakani watachaguliwa wengine. Zoubeir amekataa. Amesema hatamsimamisha tena yule bibi mbele ya watu wamwulize alimzaa nani. Ile ripoti ya langilangi, Chamsia ameniambia, ameifungia sandukuni.

Nami ananisalimu, ananiletea dawa, ananiuliza kama nimekula. Zaidi ya hayo hazungumzi nami. Habari zake nyingi nazipata kwa Chamsia.

Chamsia ndiye aliyenieleza kwamba kila Jumapili Zoubeir anapanda gari kwenda Boanamary. Anamtengenezea Bi Kalo majamvi, anamtekea maji, anakaa naye. Humwita dadi, ndivyo Wasakalava wanavyomwita bibi. Akimwita hivyo, Bi Kalo haitiki. Anaendelea kugeuza kamba kana kwamba hakusikia, na masikio yake ni mazima kabisa. Akimwita yaya ndipo anapogeuka, anacheka, anampakulia chakula. Zoubeir hujaribu tena na tena, kila Jumapili. Jumapili iliyopita, Chamsia alikwenda naye na mtoto. Bi Kalo alimpakata yule mtoto mchana kutwa, akamwimbia, na walipoondoka akamshukuru Zoubeir kwa kumletea mtoto wa watu amwone.

Sasa nakuomba, na ni mara ya kwanza katika maisha yangu kukuomba kitu bila kukubembeleza. Njoo, kaka. Oumouri anasema meli yao inageuka Mombasa mwezi wa Desemba, na atakutafutia mahali pazuri pa kulala. Usiniletee habari za goti. Barua haitafaa, nimeshamwuliza Bi Kalo, amesema uliyekipokea kiapo kwa mkono wako, ukiondoe kwa mkono wako. Sikuiti kwa ajili ya Brussels. Brussels imekwisha, na kama kazi ya Zoubeir itarudi au haitarudi, hilo tumwachie Mungu. Nakuita ili mama mzee aweze kuitika anapoitwa na mjukuu wake, kabla hatujamzika kama yaya. Nina hasira nawe, kaka, na nina hasira zaidi na nafsi yangu, na zote mbili zimenichosha.

Nisalimie Fatima na umwambie asiogope kisu cha daktari. Nisalimie Saindou na mkewe, na Hachimia mwanafunzi wetu, na jirani yenu Mmadi ambaye hunikumbuka kila barua. Chamsia anakusalimu sana. Nilimwambia Zoubeir kwamba nakuandikia, nikamwuliza kama ana salamu za kumpelekea mjomba wake. Akasema, "Mwambie aje."

Mwenyezi Mungu akupe afya ya kusafiri, na atupe sote muda wa kurekebisha tulichoharibu.

Ni mimi dada yako akupendaye, pamoja na yote,
Kouraichia