Mchezo Uliomtoa Babu Yako Kitini

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku, mke mwenzangu,

Habari za huko uliko? Kifua kimepona? Mama yako aliniambia baridi ilikushika wiki nzima na ukawa unakwenda kazini hivyo hivyo. Vaa soksi mbili, acha urembo. Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika nikipanda ngazi, lakini yalianza kulalamika kabla hujazaliwa, tumeshazoeana.

Utashangaa kuona barua ya karatasi wakati simu ipo. Nikiishika tu hiyo simu, mume wetu ananipokonya. Na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema yeye akiwa ametega sikio.

Babu yako alipotoka hospitali na ile nyonga iliyoungwa kwa vyuma, tulikuambia anaendelea vizuri. Tulikudanganya, mjukuu wangu, utusamehe. Alikuwa haendelei popote. Mtu ameishi chini ya malori miaka thelathini na tisa, gereji nzima inamwita Spana, leo anaambiwa akitaka kwenda msalani aombe mkono! Alikaa kwenye kiti, akageuzia uso dirishani, akanyamaza. Yule dada wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumanne alinivuta jikoni akaniambia, "Mama, mfupa umeunga. Lakini mzee asipoanza kutembea ndani ya miezi hii miwili, sioni kama atatembea tena." Nikampelekea babu yako maneno hayo. Akasema, "Sawa." Kwa siku nzima, neno lake lilikuwa hilo moja. Mimi nilikuwa naongea na sufuria.

Ndipo ukatuma ule mchezo wako kwenye tableti, ukaomba tuujaribu kabla hujauonyesha kwa wakubwa zako. Nakuambia kweli, nilijisemea, mtoto amesoma miaka yote ile, kumbe ni hiki? Miraba thelathini na sita, kete ya buluu pembe hii, kete ya manjano pembe ile. Unasogea mraba mmoja upande wowote, na ule unaouacha unazimika, haukanyagwi tena. Asiye na pa kwenda kashindwa. Basi.

Babu yako akasema ni mambo ya chekechea. Akacheza na mashine ili anithibitishie. Akafungwa. Akarudia, akafungwa. Mara ya saba akaporomosha tusi ambalo sijalisikia tangu aache gereji. Nilifurahi mpaka nikatafuta pa kukaa.

Tukaanza kucheza wawili. Yeye mchezo wake ulikuwa kunifukuza tu, kama ana ugomvi na ile kete. Mimi nimekata vitambaa vya sare miaka ishirini na sita. Nikitazama meza naona kitambaa kilichobaki. Nikawa namwacha anikimbize huku nazima miraba ya katikati taratibu, hadi kwangu kuna nafasi ya kuzunguka na kwake imebaki kona. "Umenifungia chooni!" akapiga kelele. Nikamwambia agonge mlango.

Siku moja nilikuwa na chakula mekoni, sina nafasi ya kufikiri. Babu yako huanza yeye kila mara, ati ndiye mwenye nyumba. Basi nikawa namfuata tu. Yeye akienda kulia kwenye pembe yake, mimi naenda kushoto kwenye yangu. Akipanda, nashuka. Nikashinda. Tukarudia, nikashinda tena, mara nne mfululizo, huku nakwenda kugeuza vitunguu.

"Unaniiga wewe!"

"Nakuiga, ndiyo. Vitunguu vinaungua."

"Cheza kwa akili yako!"

"Ya kwako inanitosha."

Akaikodolea macho tableti. Akaniita nimletee karatasi. Nikamjibu asubiri nina mikono michafu. Mara nikasikia fremu ya kutembelea: tok, kimya, tok. Chiriku, nilisimama pale jikoni nimejiziba mdomo kwa kiganja. Sikutoka, niliogopa kumshtua. Alikwenda mpaka chumbani, akafungua droo yangu, akarudi na karatasi na chaki yangu ya kitambaa. Chakula kiliungua chote. Tulikula mkate.

Alichora miraba, akacheza pande zote mbili kwa vifuniko vya chupa, siku tatu. Kisha mimi peke yangu sikumtosha tena. Jumanne yule dada wa mazoezi alifika akakuta kiti kitupu, uso ukambadilika. Tukavuka barabara pamoja kumtafuta. Tukamkuta gereji, yeye ambaye alikuwa ameapa hawatamwona na fremu, amekaa juu ya kasha la betri, mafundi wamemzunguka na mikono yao ya grisi, vifuniko vimepangwa juu ya pipa. Kila fundi alianza kwa majivuno, na kila aliyeanza alishindwa. Anayeiga hakosi pa kwenda: ukiwa na mraba wa kukanyaga, na yeye anao wa kwake upande wa pili.

Hapo ndipo tulipogombana. Ilikuwa imebaki wiki moja uonyeshe kazi yako. Nilisema tusikuambie kasoro hii, utavunjika moyo. Babu yako akasema, "Breki mbovu namwambia dereva kabla hajaondoka. Huyu ni damu yangu, nimfiche?" Akakupigia mwenyewe, simu ameiwekea spika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Alipokuwa akikueleza, nikaanza kumchukia kidogo. Halafu nikakusikia: "Babu, sasa tufanyeje?"

Sijui kama unakumbuka ulisema hivyo. Ungeweza kumwambia asante ukakata simu. Tangu aanguke, kila mtu alikuwa anamuuliza kama amekula, kama amelala, kama amekunywa dawa. Wewe ulimuuliza tufanyeje. Alivuta pumzi, akakujibu kwa sauti ile aliyokuwa akiwajibu wenye malori: "Nipe mpaka kesho." Kesho yake, unajua mwenyewe, akakuambia ongeza safu moja kwa urefu na moja kwa upana, miraba iwe arobaini na tisa, ili katikati pawe na mmoja usio na mwenzake. Ukiukanyaga huo, mwigaji anabaki ameduwaa.

Sasa wakubwa zako wameupokea, na tumeona yale maandishi madogo mwishoni: *Umejaribiwa na Spana na mkewe.* Amemwonyesha kila mtu, hadi msoma mita ya maji. Lakini hilo silo la kukushukuru. Nakushukuru kwa sababu uliniletea babu yako nyumbani, wakati hospitali ilikuwa imeniletea nyonga tu.

Leo amekwenda kinyozi. Hana fremu, ana fimbo, na hakutaka nimsindikize. Nimebaki peke yangu, nyumba imetulia, hakuna anayeuliza miwani iko wapi. Nilikaa nikaufaidi utulivu huo vizuri kabisa, kama dakika kumi. Kisha nikaenda kufungua mlango nione kama anarudi.

Nisalimie mumeo, mwambie lile koti lilinienea. Mjomba wako na shangazi yako mdogo wanakusalimu. Mama yako atakupigia Jumatano. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe na watu wa kukuuliza mambo ya maana hadi uzeeni.

Bibi yako, akupendaye na kukuombea kila siku.