Mwaka wa Kumi Usiofika

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanangu wote, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimekwisha. Mimi mwili haunidai kitu: nakula, natembea, nakwenda kazini. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi lakini ulimi uko salama, maana juzi kamgombeza fundi bomba mpaka akapunguza bei mwenyewe bila kuombwa. Anakusalimu, na anasema kama umesahau njia ya kwake atakutumia ramani.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Nilikupigia Jumapili, ukacheka. Nikapiga tena Jumanne, ukaniambia Kunguru tulia, kisha ukampa wifi simu niongee naye habari za mapazia. Barua haimpi mtu mwingine simu. Hii nimempa dereva wa lori la maboksi, yule mwenye mwanya, na nimemwapisha aitie mkononi mwako, asiiache getini. Tafadhali isome yote kabla hujaingia zamu.

Kaka, naogopa. Naogopa kwamba ile boila ya mvuke unayoiwasha kila asubuhi kiwandani itapasuka ukiwa umesimama mbele yake. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuikata, kwa sababu ikiwa karatasini inatisha kuliko ikiwa kichwani. Najua utasema mimi huogopa hata kuku akiruka ghafla, na ni kweli, wewe ndiye uliyenibandika jina la Kunguru siku niliyokataa kupanda ngazi kutazama paa. Sawa. Lakini kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami kwenu nataka kiende kicheko.

Hujawahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani huku makao makuu. Nadhani unaamini nabonyeza kompyuta na kunywa chai. Chai nakunywa kweli. Lakini kazi yangu ni kupima miradi kabla kampuni haijatoa hela. Kiwanda kikitaka mtambo mpya, au ghala, au lori, ombi linakuja mezani kwangu, na mimi natengeneza jedwali: miaka imepangwa juu, chini yake hela zitakazotoka na zitakazoingia. Sasa hela ya mwakani si sawa na hela ya leo. Ukiahidiwa laki moja leo na laki moja baada ya miaka mitano, huhitaji shule kujua uchukue ipi. Kwa hiyo kila hela ya mbele naipunguza, mwaka hadi mwaka, mpaka nijue leo ina uzito gani. Hapa kwetu tunapunguza kwa asilimia ishirini kwa mwaka. Ikifika mwaka wa kumi, mia imebaki kama kumi na moja tu. Mwisho najumlisha. Jumla ikiwa juu ya sifuri, mradi unapita. Ikiwa chini, unasubiri.

Na hivyo ndivyo inavyofanyika kwa faida na kwa hasara vilevile. Hasara iliyo mbali nayo hunyauka. Weka hilo akilini.

Mwezi uliopita mkuu wetu wa mipango, ambaye ofisini tunamwita Asilimia kwa sababu hata ukimwuliza hali atakuambia amelala vizuri kwa themanini na tano, alinipa ombi la kubadilisha boila ya kiwanda chenu cha sabuni. Aliniambia si kazi ngumu, jedwali lipo tangu zamani, kila mwaka hufunguliwa, tarehe hubadilishwa, jibu hutoka lilelile: subiri. Nikalifungua. Gharama ya boila mpya ilikaa mwaka huu, nzima, haijapunguzwa hata senti. Hasara ya boila ya zamani kupasuka ilikaa mwaka wa kumi, imenyauka. Bila shaka jibu ni subiri. Nikataka kujua nani aliyesema mwaka wa kumi, na nikakuta ni mhandisi mmoja mkaguzi, sasa kastaafu, aliyeigonga boila hiyo kwa nyundo yake na kupima unene wa chuma, akaandika kwamba chuma kimeliwa na kutu na kitahimili miaka kumi.

Ripoti yake, kaka, ina umri wa miaka kumi na mmoja.

Umeelewa kilichotokea? Kila mwaka mtu wa kiti changu alilinakili jedwali, akabadilisha tarehe ya juu, na mwaka wa kumi ukasogea naye. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walihesabu kumi kuanzia siku wanayoketi, si kuanzia siku ile nyundo ilipogonga. Kifo kimesukumwa mbele kila mwaka kwa kidole kimoja, na mwaka wenyewe umeshapita sisi tukiwa tunakunywa chai.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ulinisimulia, kama kichekesho, kuwa siku hizi bibi kizee wako, ndivyo unavyoiita boila hiyo, anatoka jasho kwenye mshono wa ubavuni, na umemtegea kopo.  

Nikamtafuta yule mhandisi. Sauti yake ni ya mzee lakini kumbukumbu ni ya kijana. Alisema miaka kumi ilikuwa ndiyo mwisho, na alimwambia meneja wa wakati ule asiongeze hata mwezi. Nilipomweleza habari za jasho kwenye mshono alitaka nirudie ni mshono upi. Kisha akaniuliza kama yule mwendesha boila mcheshi, aliyempisha kwenye kiti chake siku ya ukaguzi, bado yupo pale. Nikamjibu kwamba yupo. Akasema basi mwanangu, fanya haraka. Hakuaga vizuri, na mimi sikuaga kabisa.

Nilikwenda kwa Asilimia. Alielewa mara moja, simnyimi haki yake, hata rangi ilimbadilika. Lakini hakuna mtu wa kuzima kiwanda kwa maneno ya mdomo, hivyo akanipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi ni mtu mpole. Hapazi sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema kosa ni kosa, lirekebishwe: niweke mwaka sahihi, nifanye hesabu upya, na hesabu ikisema badilisha, atabadilisha. Nilitoka mle nikiwa mwepesi. Nilijua hasara ikihamia mwaka huu haitapunguzwa tena, itakaa na uzito wake wote, na jumla itapanda juu ya sifuri yenyewe. Jioni ile nililala usingizi.

Kesho yake nikaketi. Hasara ya kupasuka ina mistari mitatu. Mstari wa kwanza ni mitambo, na mitambo ina bima, kwa hiyo karibu sifuri. Wa pili ni kusimama kwa uzalishaji, na ghala limejaa sabuni ya miezi mingi, kwa hiyo kidogo tu. Mstari wa tatu umeandikwa mhudumu. Huo ulikuwa mtupu kwa miaka yote, maana kwa hasara ya mwaka wa kumi hakuna aliyejisumbua. Asilimia akanielekeza utaratibu: chukua mshahara wa mwaka, miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, kila mwaka uupunguze mpaka leo, jumlisha, kisha zidisha kwa uwezekano wa kupasuka mwaka huu. Akaniambia niombe umri na mshahara kwa watu wa utumishi.

Sikuwaomba. Nilijaza tarehe yako ya kuzaliwa kwa kichwa. Mshahara wako naujua, ulinilipia ada kutoka humo. Asilimia alishangaa nimepata wapi haraka hivyo, nikamwambia nilikuwa nayo. Wewe unajua hapa hakuna anayefahamu kwamba sisi ni tumbo moja. Baba zetu mbalimbali wametupa majina mbalimbali, na kwa kuwa kampuni haipendi ndugu, tulinyamaza.

Hili ndilo nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Nilikupiga bei, kaka. Nilikupunguza kwa asilimia ishirini mwaka baada ya mwaka, mpaka ukastaafu, nikakujumlisha, na ulikuwa hufikii bei ya bomba la moshi la boila mpya. Nilirudia, nikiamini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Mwaka ulikuwa sahihi, utaratibu ulikuwa sahihi, na jumla ikabaki chini ya sifuri. Jibu: subiri mwaka mpya wa fedha. Asilimia alisimama nyuma yangu akingoja, hakunilazimisha, alikohoa tu. Nikatia saini. Niliogopa kiti changu, niliogopa yule mtu mpole wa ghorofani, na katika hofu zangu zote za kijinga sikuwahi kuwa mwoga namna ile.

Nilidumu na saini hiyo siku moja. Jana nilipanda kwa mkurugenzi, nikamwambia kwamba mhudumu wa mstari wa tatu ni kaka yangu, na kwamba saini yangu naiondoa. Nilikuwa nalia, sikuona haya. Akanipa kitambaa. Akaniambia anasikitika sana, ila kwa kuwa nina maslahi binafsi, hesabu yote sasa ni batili, ile yenye kosa na hii isiyo na kosa. Itafanywa upya na mtu asiyehusika, labda mwezi ujao, na hadi hapo boila iendelee kama kawaida. Mimi nimesimamishwa. Nilikwenda kwa mkaguzi wa serikali pia. Amepokea malalamiko yangu, akagonga muhuri, akanionyesha foleni ya malalamiko yaliyotangulia.

Kwa hiyo amebaki mtu mmoja tu duniani anayeweza kuizima boila hiyo, naye ndiye anayesoma barua hii. Izime, kaka. Usiende kumwuliza meneja wako, atakuambia usubiri makao makuu, na makao makuu nimetoka huko. Fungua mvuke utoke wote, toa moto, funga mlango, watoe wenzako humo. Watakufukuza, najua. Nimefikiria ada za watoto, nimefikiria kodi ya nyumba, na Mama kasema kwake kuna vyumba viwili vinavyolala panya. Kazi hutafutwa.

Usiniambie unaijua boila hiyo kama unavyomjua mkeo. Wifi akikasirika huvunja sahani.

Jumatatu nitapanda basi la kwanza. Nikikuta moshi unatoka kwenye lile bomba, sitagombana nawe, nguvu hizo sina. Nitaingia, nitavuta kiti, nitakaa karibu na ule mshono mpaka zamu yako iishe, na Jumanne vilevile. Nitakuwa natetemeka, lakini nitakaa. Na huyo mtu asiyehusika, akifungua jedwali lake, itabidi aongeze mstari wa nne.

Mpe wifi salamu zangu, mwambie mapazia ya kijani ni mazuri, nilijibu ovyo ile Jumanne kwa sababu sikuwa nasikia. Wanangu wabusu mmoja mmoja, usiwaambie kitu. Dereva nimemwomba akungoje. Usiandike majibu, mwambie kwa mdomo neno moja tu, umezima au hujazima. Nami nitakuwa barabarani mbele ya ghala la maboksi, nikimngoja ashuke.

Wako wa tumbo moja,
Mdogo wako