Kilio Nilichompa Mzee Ogola

Otonglo,
S.L.P. 2207,
Kisumu.

18 Julai 1993

Mpendwa shemeji Nakhungu,

Habari ya Lodwar na jua lake? Kabla sijafungua mdomo juu ya mambo yetu, nataka kwanza kujua kama ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa, na kama mzee wa nyumba na watoto wanapata maji ya kutosha. Mara ya mwisho ulituandikia kwamba mnanunua maji kwa mtungi, na tangu siku hiyo Lornah akiacha bomba likitiririka hapa nyumbani namkaripia kwa jina lako.

Sisi tu wazima wa mwili. Mahindi yamekomaa, tunachoma kila jioni. Ziwa limevamiwa na yale magugu yenye maua ya zambarau, na wavuvi wa Usenge wanasema siku hizi mtu anavua majani. Lornah amerefuka mpaka ananifika begani, na hesabu bado anaikimbia kama alivyoikimbia ulipokuwa hapa Krismasi.

Nimesema wazima wa mwili, na wewe ni mwalimu, najua umeliona hilo neno. Dada yako Nabalayo yuko nyuma ya nyumba anaosha sufuria. Hajui nakuandikia. Hii ni wiki ya pili ananipa chakula kwa wakati, ananipashia maji ya kuoga, ananiita Baba Ochieng kwa heshima zote, na baada ya hapo hana neno na mimi. Watu wa ukoo wenu mkikasirika mnazidi adabu. Afadhali angenitukana mbele ya majirani nikajua moja.

Nakhungu, nimekosa. Nakuandikia wewe kwa sababu umenikosea heshima mara moja tu tangu nimwoe dada yako, na siku hiyo ulikuwa na haki.

Nianze na lile lililo lako. Januari ulipotuandikia kwamba umempatia Ochieng nafasi ya kufundisha shuleni kwenu huku akingoja chuo, Nabalayo alianza kumshonea mashuka siku hiyo hiyo. Mimi nilikujibu kwamba mtoto mwenyewe anaogopa joto. Haukuwa ukweli. Mtoto hakuulizwa. Ni mimi niliyesikia kwamba jeshi linakuja kuchukua vijana, nikamwamsha alfajiri akakimbie barabarani, nikampeleka uwanjani kwa mkono wangu siku ya kupimwa.

Labda Nabalayo hajawahi kukuambia kwamba mimi mwenyewe nilitaka kuwa askari. Nilipokuwa kijana nilipanga mstari kama wao, nikakimbia nikawashinda wengi, mpaka nilipoambiwa nifungue mdomo. Unajua wazee wetu walivyonifanya nikiwa mdogo, meno sita ya chini yaking'olewa ili niwe mtu mzima kati ya Wajaluo. Mpimaji alichungulia, akanipungia mkono nipishe mwenzangu. Tangu hapo nimekuwa nikiunga vyuma katika karakana ya Mzee Harbhajan, na kazi hiyo sina ubaya nayo, imetulisha. Lakini siku Ochieng alipofungua mdomo wake wenye meno yote na yule mpimaji akatikisa kichwa kwamba sawa, nilicheka peke yangu pale uwanjani kama mtu aliyelewa.

Nabalayo hakucheka. Alisema hakuzaa mtoto wa kiume mmoja ili amkabidhi mtu mwenye bunduki. Nilimjibu vibaya, sitaandika nilivyomjibu. Kuanzia hapo akawa hazungumzii safari. Siku ya kuondoka Ochieng aliingia jikoni kumuaga, akamkuta amempa mgongo anachambua mboga. Alisimama pale mlangoni akamwita mara mbili. Nabalayo hakugeuka. Mtoto akatoka, akachukua begi lake, nikamsindikiza.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tumepita shamba la mahindi la jirani yetu Mzee Ogola, barabara kuu inaonekana mbele, nduru ikalia nyuma yetu. Wewe umekaa na Wajaluo, unajua nduru ya namna ile. Kwetu nduru ya mwanamke hailii ovyo. Ikilia, kuna mtu amekufa, na kila anayeisikia anaacha jembe na kukimbia. Mimi niliijua sauti. Nimeishi na sauti hiyo miaka yote hii, singeweza kuikosea. Ilikuwa ya dada yako.

Ochieng alisimama. Akaniuliza, "Baba, ni nani?"

Nilijua nikimwambia ni mama yako anakulilia, atarudi. Angerudi mbio, angemkumbatia, na lori la jeshi lingemwacha. Na boma letu limepakana na la Mzee Ogola, ni ua tu katikati, na Mzee alikuwa mgonjwa wa kifua tangu Krismasi, sote tulikuwa tukimtazamia afe. Maneno yalinitoka hata sikuyatafuta.

"Ni kwa Ogola," nilisema. "Nafikiri Mzee ametuacha."

Mtoto akavua kofia. Akataka arudi amuage Mzee, maana ndiye aliyemfundisha kuogelea. Nikamwambia jeshi halingoji matanga, nitamlilia kwa niaba yako. Akaivaa kofia yake tukaendelea. Hakugeuka tena, nami nikamsifu moyoni kwa kutogeuka.

Niliporudi nilikuta akina mama wamejaa langoni kwangu, wengine wameshafunga kanga kiunoni tayari kwa kilio, na mbele yao ni Dorca, mke wa Mzee Ogola. Walikuwa wanamfokea Nabalayo kwa kumlilia mtu aliye hai, kwamba anamwitia mwanawe kifo. Yeye alikuwa ameketi chini jikoni katikati ya zile mboga. Waliposhaondoka akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Alisikia?"

Nilimtazama nikaona aibu usoni mwake. Nilifikiri anaomba niseme hapana. Nikasema, "Hakusikia. Tulikuwa tumeshafika barabarani." Akainama, akaendelea kuokota mboga, nami nikaenda zangu nikidhani nimemfariji.

Hapo ndipo nilipokosa zaidi, shemeji. Sikuelewa nilichoulizwa.

Mwezi wa tano ilikuja kadi, yenye picha ya twiga. Lornah akaisoma kwa sauti: Baba, niko salama, mafunzo ni magumu lakini nitaweza, salimia wote. Nabalayo akauliza, "Basi?" Lornah akasema, "Basi, Mama." Nabalayo akaichukua ile kadi mkononi mwa binti yake, akaigeuza upande wa twiga, akatazama kule pia. Halafu akarudi jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilijua kwa nini jina lake halimo, na ningeweza kusema wakati huo, lakini nikaomba chumvi.

Usiku wa kwanza na wa pili nilijitetea kwamba nitasema baadaye. Baadaye ikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mzee Ogola naye akapona. Alikunywa dawa gani sijui, akaanza kutembea na fimbo, halafu bila fimbo, na kila akinipungia mkono juu ya ua mimi natazama chini. Hakuna mtu aliyewahi kukerwa na afya ya jirani kama mimi. Mungu anisamehe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikatikia uani kwa Ogola wiki mbili zilizopita. Kuna kijana wa hapa anaitwa Obuya, walichukuliwa siku moja na Ochieng na kulala bweni moja. Alivunjika kifundo cha mguu mazoezini, wakamrudisha nyumbani. Ochieng alimtuma apeleke mkono wa pole kwa Mama Dorca, kwa sababu tulimlea akijua kwamba pole ya msiba haiandikwi kwenye kadi, inapelekwa kwa mdomo. Na Obuya naye amelelewa vizuri. Kwetu mtu haingii kimya katika boma lenye msiba, anaanza kulia akiwa langoni. Basi akaja na plasta yake na gongo lake, akalia kuanzia langoni, akalia mpaka katikati ya uwanja, na alipofuta macho akamwona Mzee Ogola ameketi kwenye kigoda anamenya mihogo.

Mzee akamwuliza, "Omera, ndugu yangu, unalilia nani hapa kwangu?"

"Nakulilia wewe, Mzee."

Majirani walikuwa wameshakuja, maana sauti ya kilio huleta watu. Mimi nilikuwa pale, na Nabalayo alikuwa ameingia kupitia pengo la ua, mikono ina unga. Mzee aliweka kisu chini.

"Nani aliambia nyinyi mimi nimekufa?"

"Si ni Baba Ochieng," Obuya akasema. "Siku ile tunaenda, nduru ililia huku. Ochieng akauliza, akaambiwa ni wewe."

Watu walicheka kwanza. Mzee Ogola mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe siku yake ikifika atakuja mtu mmoja tu, tena mwenye mguu mbovu. Kisha Dorca akatema mate chini akaingia ndani, na kicheko kikakatika, kwa sababu kumtangaza mtu aliye hai kuwa maiti si mchezo kwetu. Niliomba radhi pale pale mbele ya wote, nikiwa nimepiga magoti kwenye maganda ya mihogo. Mzee alinishika mkono akaniinua. Yeye amenisamehe, au anajifanya amenisamehe, na mimi napokea yote mawili.

Nabalayo alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyumbani amenitengea ugali. Akangoja nikanawa mikono. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana tangu siku hiyo hajasema mengine.

"Nilikuuliza kama alisikia."

Nikasema ndiyo, uliniuliza.

"Nilimpa mgongo mtoto wangu. Akatoka. Nikashindwa, nikalia. Hiyo ndiyo kwaheri niliyokuwa nayo, Baba Ochieng. Sikuwa na nyingine. Na wewe ukachukua ukampa Ogola."

Nilikuwa nimedhani anaogopa mtoto asije akasikia, kumbe miezi yote alikuwa akitamani angalau awe amesikia. Na mtoto alisikia, Nakhungu. Alisikia vizuri kabisa, akaivulia kofia. Ila amekaa kule kambini akijua kwamba siku ile kila mtu alililiwa isipokuwa yeye.

Gwaride la kumaliza mafunzo ni mwezi wa tisa, kule Eldoret, na wazazi wamealikwa. Mzee Harbhajan ameshanipa ruhusa. Dada yako anasema haendi, kwamba hawezi kusimama mbele ya mtoto anayejua mama yake alimgeuzia mgongo na kuchambua mboga. Amemwambia Lornah hivyo, mimi nikiwa chumba cha pili. Nimejaribu kumwandikia Ochieng. Kila nikianza, barua inageuka kuwa ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Naandika juu ya lori, naandika juu ya meno yangu, naandika kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nimechana karatasi mpaka Lornah ananiuliza kama nafanya mtihani.

Kwa hiyo nakuomba. Kutoka Lodwar kuja Eldoret si karibu, najua, lakini shule zitakuwa zimefungwa Agosti na pengine utapata ruhusa ya siku chache mwezi wa tisa. Mwandikie dada yako. Mwambie aende, na mwambie utakuwa pale. Kama ataona aibu kusimama na mimi, asimame na wewe. Mimi nitamwambia Ochieng kwa mdomo wangu, mbele yenu wote, hata kama ni mbele ya wakubwa wake. Akinikasirikia akiwa amevaa sare ambayo niliitaka mimi, nitakuwa nimeyatafuta mwenyewe.

Nisalimie mzee wa nyumba. Msalimie Satia na yule mdogo anayependa kupanda juu ya meza. Mwambie mama mwenye nyumba wenu, yule aliyetuletea tende, kwamba bado tunazitaja. Lornah anasema

Shemeji, niliacha kalamu hapo juu kwa sababu Nabalayo ameingia. Amesimama nyuma yangu anafuta mikono. Akauliza namwandikia nani. Nikasema, dadako. Akauliza kama nimekuambia juu ya nduru. Nikasema nimeandika yote. Nikadhani atatoka kama kawaida yake siku hizi.

Akasema, "Mwambie nililia kwa nguvu. Asije akafikiri nililia kidogo."

Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Na mtoto mwandikie hivyo hivyo," kisha akavuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza, na bado yupo. Anaangalia kalamu.

Basi, Nakhungu, nimeagizwa, nami naandika. Dada yako alilia kwa nguvu. Ilisikika mpaka ng'ambo ya shamba la Ogola, ikawatoa wanawake wa Otonglo wote majumbani kwao. Karatasi nyingine iko hapa kando, nimeshaandika jina la Ochieng juu, na chini yake nitaanza na neno hilo kabla ya salamu: yule aliyelia alikuwa mama yako, na aliyekuwa akililiwa ni wewe.

Mungu awape mvua huko kwenu na aulegeze mgongo wako.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda na kukuogopa,

Dalmas Oduor