Alobaki Nje na Aingie

Ansab, Maskati

Zuwena,

Huna adabu, na utu uzima haukukufunza. Sauti ya mama yetu si kanga ya kuazimisha kila mwenye shughuli. Nani alokupa ruhusa ya kuitia mdomoni mwa sungura?

Haya, sasa assalamu alaykum. Mguu wako vipi? Najua bado unakula papa mkavu na chumvi yake, kisha unalia mguu unavimba. Mimi nipo, alhamdulillahi. Magoti yanalia nkipanda ngazi, na joto la huku limeshaanza, bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemshia mayai. Mwanangu Khalfan mzima, mkewe Maryam mzima, wote wawili makazini mpaka alasiri. Asokuwa mzima ni mjukuu wangu Ilham, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mkono wangu unaujua, mimi ni wa chuo cha Kurani na skuli kidogo tu, usinicheke herufi. Simu sikupigii kusudi. Ukisema "halo" ntamsikia mama, na nshamsikia vya kutosha. Barua hii anakuja nayo shangazi wa Maryam, mpokee vizuri.

Unakumbuka uliponambia, "Dada, nshakuwa sungura"? Nlicheka mpaka nkakohoa. Ukanieleza kuwa wamekuja watu kutoka Dar wanatafuta sauti, wanaitia Kiswahili katuni ya watoto, ukoo mzima wa sungura wanakaa shimoni, baba, mama, watoto na bibi yao, na wewe ndiye bibi. Nkakwambia, "Sungura ana bibi? Sungura ana mchuzi." Ukanuna. Nlidhani utasema kwa sauti yako mwenyewe, ile ya kuku alobanwa na mlango. Hukunambia kama utamwiga mama.

Khalfan akaiweka katuni ile kwenye televisheni kwa nia njema. Ilham ana miaka mitano, Kiarabu anacho, Kizungu cha skuli anacho, Kiswahili chake kilikuwa "bibi njoo" na "sitaki" basi. Nkafurahi kwamba mtoto atapata lugha ya kwao.

Siku ya mwanzo nlikuwa jikoni nasonga bokoboko la ngano na nyama. Unalijua bokoboko, ukiondoa mkono tu linashika. Mara nkasikia mama ananiita.

"Alobaki nje ni wangu, na aingieee."

Kwa ile pumzi yake ya katikati, Zuwena, kama mtu anayevuta ndoo. Nkaitika "Labeka!" Mwanamke mzima mimi, mwiko mkononi, namwitika maiti. Na palepale nkasikia sebuleni mtoto naye kaitika, "Labeka!" Sikumfunza mimi. Huku hakuna anayemwita mtoto akaitikwa hivo, hata baba yake haitiki hivo.

Nkaenda sebuleni. Nkaliona lijisungura lako, limejitanda kanga, limevaa miwani, limesimama mlangoni mwa shimo na mbingu nyekundu nyuma yake. Visungura vinaingia vinasukumana. Ukaja muziki, katuni ikaisha, na mlango wa shimo umeachwa wazi. Nlitizama ule mlango mpaka likaja tangazo la sabuni. Bokoboko likaungua.

Baada ya hapo mtoto akaanza kusema. Si kusema kwa kitoto. Asubuhi ananambia, "N'tilie chai, wala usiijaze." Akiona Maryam kavaa haraka haraka, anamwambia, "Wewe mwanamke utaanguka na mikufu yako." Maryam anacheka anapiga makofi. "Mama, mashallah, yaani Kiswahili chake kizuri kuliko changu!"

Nkamuuliza, "Kizuri cha nani?"

"Cha katuni, mama. Cha nani tena?"

Yeye mama yetu hakumjua.

Kisha ukaja mchezo wa mlango. Kila magharibi, muadhini hajamaliza, Ilham anakwenda kufungua mlango wa mbele. Baridi ya AC yote inatoka, Maryam anafunga, mtoto anafungua. Nkamkamata mkono.

"We mtoto una nini na mlango?"

"Kuna alobaki nje, bibi. Kaambiwa aingie."

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Akanitizama kama mimi ndiye mjinga. "Wa yule anayeita."

"Haya, mbona haingii?"

"Anaogopa marumaru. Miguu yake inatoa maji, atachafua."

Mwenzangu, nkamtoa pale, nkafunga mlango kwa ufunguo. Asubuhi nlipofungua, kizingitini kuna maji. Maryam akasema maji ya AC. AC yetu inadondokea upande wa gereji, nimekaa nyumba hii zamani kuliko yeye. Nkayafuta mwenyewe kwa kitambaa, sikumwachia mtu.

Khalfan alikuwa hajui habari za kaka yetu Seif. Mimi sikumhadithia, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, uliyasikia kwa watu. Basi sikiliza kwangu nlokuwepo. Mama alikuwa akituita kila magharibi kwa maneno yale, nasi tulikuwa tukiyaonea haya mbele ya watoto wa jirani. Lakini hayakuwa yakiishia pale. Tukishaingia wote alikuwa akitupapasa vichwa mmoja mmoja gizani, kisha anasema, "Mshatimia. Mlango nafunga." Hapo tena hatoki mtu, hata umeacha kiatu nje. Siku ile Seif hakuingia. Mama aliita mpaka sauti ikakwama, majirani wakaja na mataa, na alfajiri wakampata kisimani. Maneno ya kufungia mama hakuyasema usiku ule, wala hakuyasema tena maishani mwake. Ulomsikia wewe ukubwani mwako, uzee umemshika, kakaa barazani ananong'ona "alobaki nje ni wangu", hakuwa anaita wajukuu. Alikuwa bado anamwita yule.

Na hicho ndicho ulichokichukua ukampa sungura. Ulidhani ni maneno matamu ya bibi kizee. Umechukua mwito wa nusu, usokuwa na mwisho, ukaupeleka kwenye nyumba za watu wenye watoto.

Utasema nimezeeka, nachanganya. Subiri basi. Katuni tuliizima, Khalfan kaifuta kabisa. Haikusaidia kitu, mtoto haitaki tena katuni, anaita mwenyewe. Anasimama mlangoni, anavuta ile pumzi ya ndoo, anaita. Tumemsomea, maji ya kisomo kanywa, hirizi sikutaka, unajua msimamo wangu. Chakula hali mpaka tuweke sahani ya pili, na akila anasogea, anamwachia mtu nafasi.

Juzi magharibi Maryam alikuwa anasali, mimi nlikuwa natia udhu. Khalfan kachelewa, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, anakata kona ya kuingia mtaani kwetu, pale barabara inapopita juu ya wadi, bonde la maji ya mvua, taa za gari zikamwangaza mtoto kando ya njia. Mwanawe. Peku, mkono kaunyosha pembeni, vidole kavikunja kama kamshika mtu. Alikanyaga breki mpaka gari likageuka. Akaniletea mtoto mikononi.

"Mama, muulize, mimi hanijibu."

Nkamuuliza. Akasema, "Nlimpa mkono avuke. Yeye gari hazijui."

Seif alikufa, Zuwena, wakati kwetu hata baiskeli ilikuwa ya kuhesabu. Ni kweli hazijui.

Khalfan aliketi chini palepale kwenye marumaru akalia kama mwanamke. Nkamhadithia yote. Maryam akasikia mlangoni, na tangu siku ile haniambii tena hii ni katuni tu. Amelaza godoro lake mbele ya mlango.

Usidhani nlingoja wewe. Magharibi ya jana nlijitanda, nkakaa kizingitini na mtoto, nkampapasa kichwa, nkasema mwenyewe kwa kinywa changu, "Mshatimia. Mlango nafunga." Akanitoa mkono kichwani pake kwa upole.

"Si wewe, bibi. Yeye anamsikia yule tu."

Hapo nlikasirika, nakwambia kweli. Mimi ndiye mkubwa kwako, mimi nlobakia na akili ya siku ile, lakini sauti nlichukua ya baba, nzito kama ya mpiga mbiu. Sauti ya mama Mungu kakupa wewe usokuwa na kumbukumbu.

Nisalimie mumeo Omar, mwambie shemegi yake nasema aache kukupeleka vichochoroni na pikipiki, wewe si msichana. Nisalimie binti yako Rukia mwalimu, na Bi Kazija jirani aliyekuwa akitusuka, kama macho yake yamepona. Mwambie mtoto wa marehemu kaka yetu yule mwengine, mkubwa wetu, huyo fundi wa mabati, kuwa ahadi yake ya kuja Maskati nimechoka kuisikia.

Sasa kazi yako. Ukimaliza kusoma usije ukaanza kulia, huna nafasi. Ingoje magharibi. Toka barazani, pale alipokuwa akikaa, wala usimwite mtu, kuita kumekwisha. Washa hiyo simu yako unayoichezea, ikamate sauti, sema kwa sauti yake na kwa pumzi yake, "Mshatimia. Mlango nafunga." Najua itakuuma, maana nani anataka kumfungia mlango nduguye. Mama alishindwa umri wake wote. Wewe usishindwe, huku kuna mtoto yuko hai. Kisha ingia ndani, ufunge mlango kweli, na komeo liingie mpaka lisikike. Sauti hiyo umtumie Khalfan, si mimi.

Halafu nenda kwa hao watu wa sungura, uwaambie wautie mwito mwisho ule au waitoe sauti yako yote. Wakikataa, kaa mlangoni kwao mpaka wakubali.

Dada yako mkubwa,
Nasra